Hali ya Kazi

Fomu ya benki iliuliza: Kazi yako?
Nikaandika, nikafuta. Karani,
dada mwenye haraka na kucha za zambarau,
akanitazama, akajaza mwenyewe: Mfanyabiashara.

Mama hana shida hiyo. Kule Tandika
akiulizwa binti anafanya nini mjini
husema: Anapigilia misumari.
Si uongo. Mkobani nina pimamaji,
kamba, chaki, misumari ya zege
ya kupimiwa kwa kilo, ya Gerezani,
na daftari ninamoandika usiku
kwa nini kitu hiki kikae karibu na kile,
na kile kigeuziwe mgongo.

Miaka kumi na moja sina ofisi.
Ofisi ni simu, na simu yenyewe ya mkopo.
Nimetundika picha kwenye karakana ya matairi Chang'ombe,
kwenye ukumbi wa harusi Sinza, Jumatatu,
siku ambayo hakuna anayeoa.
Nimewaandikia wafadhili barua za kurasa saba,
wakajibu mstari mmoja, wa heshima sana.
Niliandika makala juu ya mchongaji, nikalipwa
kinyago kisicho na sikio.
Kipo. Kinashikilia mlango.

Kisha Mwantumu Kidege akaniletea mfuko wa salfeti.
Ndani, risiti za Luku, elfu nne na kitu,
za enzi zile za kupanga foleni dirishani,
kazishona kwa uzi wa viatu, pindo kwa pindo,
pazia la kumeza ukuta mzima.
"Maana usiniulize mimi," alisema.
"Hiyo ndiyo kazi yako."

Nililala na lile pazia wiki tatu.
Niliandika maneno mia mbili, nikabakiza tisini,
nikabakiza arobaini. Nilifuta "usasa,"
nikafuta "mtanziko," mwisho wake ukawa:
Kila karatasi ni usiku ambao mtu aliununua.

Siku ya ufunguzi, godauni la Barabara ya Pugu,
saa moja na robo, umeme ukakatika.
Watu walicheka! Walidhani tumepanga.
Simu zikawashwa, moja, nyingine,
na pazia likaanza kusomeka vipande vipande:
tarehe, namba, uniti tisa,
uniti nne nukta mbili.

Mama alikuja kwa kunionea huruma,
na viatu vya harusini, mkoba kaukumbatia.
Nikamwona kainama, pua nusura iguse ukuta.
"Hii mita ni yetu."
(Mwantumu alipita nyumba kwa nyumba akiomba.
Kumbe kwetu alifika, na mama
akamfungulia lile kopo la biskuti.)
"Uniti tatu. Wiki hiyo ana mtihani.
Nilizima friji, taa yake isife."

Hakuniambia mimi.
Alimwambia kijana wa watu aliyesimama kando,
kisha akamvuta mwingine, akarudia,
sauti imepanda, kidole kinaelekeza: hapa, chini, hapa.
Maneno yangu arobaini ukutani
hakuna aliyeyamulika.

Huu mwaka wa sita. Wino wa risiti
hauvumilii joto la mji huu.
Pazia limepauka, limekuwa jeupe
kama karatasi ambayo haijaandikwa.
Sasa jumba la makumbusho, mbali huko, linalitaka.
Wametuma fomu. Jina. Malighafi. Vipimo.
Hali ya kazi.
Mwantumu kasema, jaza wewe.

Vipimo nimejaza. Kwenye hali
kalamu imesimama tangu asubuhi.
Nimempigia mama.
"Ile yetu bado inasomeka?"
Hapana, nikamwambia.
Akanyamaza; nilisikia sufuria ikifunikwa.
"Basi waandikie tatu.
Zilikuwa uniti tatu."